Jembe la Mgeni

Mume wake alimwita Kiguu na Njia tangu wangali vijana, na hakuna aliyewahi kumlaumu kwa jina hilo. Mwanamke yule alikuwa mpishi wa bweni la shule, mtu wa kuamka kabla ya majogoo na kufokea masufuria yanayoweza kumeza ndama mzima. Shule ilipofunga jiko lake na kuanza kuletewa chakula kutoka nje, alirudi shambani kwa mumewe, mwiko mrefu begani kama askari aliyetoka vitani.

Shamba lilikuwa kimya. Mume alikuwa mfugaji, mtu wa maneno machache. Akishamsalimia ng'ombe wake asubuhi, yanayobaki ya kumwambia mkewe hayajazi kijiko. Watoto walishatoka, kila mmoja na kwake. Kiguu na Njia akafagia ua uliokwisha kufagiwa, akasugua sufuria safi, akahamisha kuku banda hili kwenda lile, kisha akawarudisha.

"Mama, hao kuku wamekukosea nini?" mumewe aliuliza.

"Wana bahati wao. Wana pa kuhamia."

Jumamosi moja binti yao, aliyefanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya mjini, alikuja na wenzake kupumzika. Hawakupumzika hata kidogo. Waling'oa karoti, wakapiga picha na mbuzi, na mmoja akashika chuchu za ng'ombe mwekundu aliyeitwa Bibi Harusi. Tone la kwanza la maziwa lilipogonga ndoo, alipiga ukelele kama aliyejifungua.

"Mama," binti alisema akifunga buti la gari, "wapo watu mjini wangelipia siku kama hii."

Neno hilo lilimkaa mama yake kama mchanga kwenye kiatu. Mume aliposikia kuwa anataka kuwaita watu hao, alicheka mpaka akashika ubavu.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe unataka kumpa hata viatu hajavua, tena akulipe!"

"Wahenga hawakuwa na binti wa mapokezi."

Wageni wa kwanza walikuwa familia moja. Kiguu na Njia alikuwa amewapangia siku kama ratiba ya bweni: kuvuna, kula, kukamua, kula. Lakini mtoto wao aliacha lango la mbuzi wazi, na mbuzi wakazila mboga zote zilizotengwa kuvunwa. Familia nzima ikakimbiza mbuzi mpaka mchana. Baba mtu akaangukia samadi na suruali yake nyeupe. Kiguu na Njia akajua biashara imekufa kabla ya kuzaliwa. Kumbe yule bwana aliondoka anacheka peke yake, na baada ya muda si mrefu akaleta kaka zake.

Tangu hapo hapakukalika. Ghala la mahindi likawa chumba cha wageni. Ikaja mizinga ya nyuki, likaja bwawa la samaki, yakaja mahema nyuma ya kisima. Hajamaliza hili, macho yako kwenye lile. Mume akahamisha majembe yake, halafu kiti chake, halafu redio yake, kila mara akisogea karibu zaidi na zizi. Mkewe aliona. Akajiambia atazungumza naye wageni wakiisha. Wageni hawakuisha.

Bibi Harusi akaanza kurusha mateke. Alivutwa na mikono ya kila namna, mingine yenye kucha kama kijiko. Akabana maziwa, kiwele kikavimba. Daktari wa mifugo alimpima, akatikisa kichwa.

"Apumzike. Akamuliwe na mkono mmoja tu, anaoufahamu."

Na kesho yake kundi la walimu lilikuwa linakuja, hasa kwa ajili ya kukamua.

"Wamguse tu, baba," alimwambia mumewe. "Wapige picha, basi. Nimeshawaahidi."

Mume alikuwa anakikanda kiwele kwa kitambaa cha maji moto. Hakuinua sauti. "Mke wangu, kwangu nimekuwa mgeni. Nikitaka kukohoa, nachungulia kwanza kama kuna anayepiga picha. Nimevumilia. Lakini huyu hana mdomo wa kukwambia."

Alfajiri alimfunga ng'ombe kamba, akaenda naye polepole kwa kaka yake, ng'ambo ya kilima. Hakuaga; mkewe aliwaona tu kwa mbali, wakipanda.

Walimu walifika wakiimba. Mmoja akauliza ng'ombe yuko wapi. Kiguu na Njia alitaka kutania, akaacha.

"Anaumwa," akasema. "Tumemchosha. Mume wangu amempeleka akapumzike, na nadhani naye amekwenda kupumzika."

Wengine waligunaguna, mmoja akadai pesa zake, akarudishiwa. Siku nzima alipika, akaonesha mizinga, akacheka panapochekwa, macho yakiwa kilimani. Mchuzi aliutia chumvi mara mbili, jambo ambalo bweni zima halikuwahi kulishuhudia.

Walipoondoka hakuosha hata kikombe. Alipanda kilima na kandambili zake, akawakuta mumewe na shemeji yake kibarazani.

"Karibu, shemeji," alisema yule kaka. "Umemfuata yupi, ng'ombe au mzee?"

"Nianze na atakayenisikiliza." Akakaa, akasimama, akakaa tena. "Mimi sijui kutulia," alimwambia mumewe. "Nikitulia, nasikia nyumba inanizomea. Ndiyo maana nawaita watu."

"Na mimi wakijaa, nasikia inanifukuza."

"Basi igaweni nyumba yenu," shemeji akasema, "kabla hamjaigawa yangu."

Wakagawana. Zizi likazungushiwa uzio. Wageni wakawa wanakata majani na kulisha kwa mbali. Kila mwezi, wiki moja, lango linafungwa. Wageni wengine walikata mguu. Waliobaki walileta ndugu zao, na chumba cha pili kikajengwa, safari hii baada ya mume kuulizwa.

Wiki hizo za lango kufungwa ndizo zinazomtesa. Katika mojawapo, mumewe alimwita amshikie Bibi Harusi wakati anampaka dawa. Akasimama ameshika kamba, pumzi ya ng'ombe ikimlowesha mkono. Huko barabarani gari likapunguza mwendo, likapiga honi. Shingo yake ikageuka yenyewe.

"Kuna watu langoni."

"Kibao kipo. Watasoma."

"Labda hawajakiona."

"Shika kamba, mama."

Akashika. Gari likanguruma, likanyamaza, likanguruma tena, naye akahama mguu huu kwenda ule, kamba ikimkata kiganja, mpaka mumewe aliposema tayari.