Salamu kwa Watu wa Barua Pepe

Dada yangu alihamia Maskati katika miaka ile ya vyama vingi, na mpaka anafariki alikuwa akiniandikia kwa barua pepe. Asubuhi moja akaunti yangu ikakataa neno la siri. Nikaenda kwa mwalimu mwenzangu pale Wete, nikaazima kompyuta yake na anwani yake, nikawaandikia watu wa huduma kwa wateja. Tangazo lao lilisema wapo kwa ajili yangu saa zote, nami nikaamini, mjinga mimi.

Nikaanza kama nilivyolelewa. Nikawatolea salamu, nikawauliza hali zao na za watoto wao, nikawashukuru kwa kazi nzuri, nikawaombea dua. Ndipo nikaeleza shida yangu.

Jibu likaja kesho yake: "Asante kwa maneno mazuri. Tumefurahi kuwa umeridhika. Shauri lako tumelifunga." Chini yake walinirudishia barua yangu. Kisanduku chao cha kuandikia ujumbe kilikuwa kifupi. Kiliikata palepale kwenye dua.

Nikaandika tena, safari hii bila hata "hamjambo". Sijapata kumwendea mtu hivyo tangu nizaliwe. Wakajibu kuwa shauri likishafungwa halifunguliwi, na kwamba mwenyewe nilisharidhika.

Barua za dada yangu zimo humo mpaka leo, siwezi kuzisoma. Salamu zangu wanazo wao, na hata kuniitikia hawakuniitikia.