Nyayo za Zaidi

Usiku ule Mwanajuma alilala na kanga yake kichwani, kama mtu anayengojea kuitwa. Kaka yake Mwinyimvua alikuwa ameondoka Umwe asubuhi kwenda Kibiti kupokea simu ya mwanawe Zaidi, na hadi sasa baiskeli yake haijasikika. Yeye mwenyewe hakwenda. Aliogopa kulisikia neno "hapana" kwa masikio yake. Masomo yalikuwa yamekwisha. Mtoto anarudi au harudi?

Kila alipogeuka, macho yaliangukia mlango wa chumba cha pili. Zaidi alipokwenda Ulaya, mama yake aliufunga bila kufagia ndani, maana ukifagia nyuma ya msafiri unamfagilia asirudi. Nyayo zake zilibaki humo vumbini. "Ataufungua mwenyewe," aliwaambia watu.

Kilichompeleka mbali ni vidonge. Masika moja baba yake, Salumu, alishikwa na homa. Maduka ya dawa yalikuwa yameanza kuota kando ya barabara kama uyoga, wakanunua huko. Mgonjwa akameza, homa isishuke, wakamzika.

"Vilipita tumboni kama kokoto," Zaidi alisema, akavifungia vilivyobaki sandukuni mwake.

Kabla ya kuondoka, akimsaidia mama yake kutwanga mpunga, alimweleza kazi anayoiendea. Unga wa dawa hushindiliwa kwenye kichupa kidogo mno, kikazungushwa kama pia ndani ya sumaku kubwa kuliko pipa. Hapo chembe hutoa sauti ambayo mashine tu huisikia.

"Chembe ni kama punje hii, mama. Ganda ndilo linaloamua maji yaingie au yasiingie. Sisi tutalisikiliza ganda."

Ganda Mwanajuma alilielewa. Sumaku ndiyo iliyomtia wasiwasi, kwani kazi ya sumaku ni kushika.

"Imeshamshika, shoga," jirani yake Warda alimtania kisimani. "Na nasikia ina nywele ndefu."

Alfajiri baiskeli ililia uani.

"Simu ilichelewa, dada, halafu nikapata pancha," alisema Mwinyimvua. "Zaidi anakusalimu sana."

"Anarudi?"

"Anasema ukimwona hutamjua, amenenepa."

"Kaka, nimekuuliza."

Mwinyimvua aliketi kizingitini. "Bado. Wamegundua unyevu hulibadili ganda hata kabla kidonge hakijaota doa. Sasa anataka kusikiliza vidonge vilivyokula unyevu wa huku kwetu. Anaviomba vile vya baba yake. Kuna mtu anasafiri Ijumaa kutoka Dar, atampelekea."

"Vimo sandukuni."

"Ndiyo."

"Na sanduku limo chumbani."

Mwinyimvua alitazama miguu yake. "Niingie mimi?"

Mwanajuma alilishika fundo la kanga yake. Wazo lilimjia bila kuitwa: aseme panya wamevila. Mtoto akikosa cha kusikiliza, atakaa huko afanye nini? Kisha akamkumbuka Salumu akifungua kinywa, akimeza kimoja kimoja kwa imani, akiomba maji mengine ili vishuke vizuri. Wapo wengine masika hii wanaomeza hivyo hivyo.

Alifungua fundo la kanga, akatoa ufunguo. Kufuli lilikuwa limeshika kutu. Alihangaika nalo mpaka vidole vikauma. Mlango ukafunguka.

Nyayo zilikuwapo, zikitoka kitandani kuja mlangoni. Mwanajuma akavua kandambili, akaingia kwa kuambaa ukuta, asikanyage hata mmoja.