Tela la Mama, Kamba ya Mjomba

Sikununua pikipiki kwa sababu naipenda. Niliinunua kwa hasira, na hasira hiyo ikanisindikiza mpakani kwenda na kurudi, na mpaka leo haijaisha yote.

Mama yangu anakaa Kumsenga, juu kabisa, mahali ambapo gari likionekana watu wanajua kuna msiba au kuna uchaguzi. Ana kisukari. Alichomwa na kisiki shambani, kidonda kikakaa kwenye unyayo, halafu kikaanza kupanda. Goti la mguu huohuo halikunjiki tangu alipoanguka zamani, kwa hiyo bodaboda hawezi. Tulimjaribisha mara moja, akawekwa upande kama gunia la muhogo, wakaanguka naye kabla hawajafika kwa jirani. Kumhamishia kwangu Kibondo mjini hataki kabisa. Anasema hawezi kufia kwenye nyumba ya kupanga. Na kila Alhamisi kidonda lazima kisafishwe kwenye kituo cha afya, ng'ambo ya milima miwili. Nesi aliniambia waziwazi: akiacha hata Alhamisi moja, mguu tunaukata.

Njia iliyobaki ilikuwa ngobyi. Kwa asiyejua, ngobyi ni machela yetu, tenga refu la kusuka lililofungwa kwenye miti miwili, na wanaume wanne hulibeba mabegani mgonjwa akiwa amelala ndani. Kila kaya inatoa bega lake. Kaya isiyo na mwanamume inapika pombe ya ndizi, na mwenye mgonjwa anasimama mlangoni kuwapokea wabebaji, anawapigia makofi ya salamu mmoja mmoja kama Waha wanavyosalimiana, kisha anatembea nao mpaka kituoni. Ndiyo desturi. Kaka yangu alikwenda Kahama akapotelea huko. Mimi nina kibanda cha chakula karibu na stendi ya Kibondo, na kibanda ukikifunga siku moja wateja wanahamia kwa jirani siku zote. Nikawa natuma hela kwa simu, wanunue pombe wenyewe.

Siku nilipopanda Kumsenga kumwona mama, mzee wa ngobyi, mwanamume mrefu anayependa kusema mbele za watu, alinisubiri nipite sokoni.

"Binti," akasema, na wote wakanyamaza kusikiliza, "hela zako tunaziona. Lakini simu haina bega."

Walicheka. Nawakumbuka waliocheka, mpaka yule muuza dagaa ambaye hajawahi kubeba hata ndoo ya mtu mwingine. Damu ikanipanda kichwani. Nikamwambia mzee yule, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba mama yangu hatapanda tena hiyo ngobyi yao. Nitamletea usafiri wake mwenyewe, na siku hiyo wao watakaa pembeni watazame.

"Tutatazama," akasema.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Pikipiki naijua, niliendesha kambini kwa wakimbizi nilipokuwa nagawa dawa. Nilichohitaji ni tela refu ambalo mtu mzima analala akanyoosha mguu, na Kibondo nzima sikuliona. La namna hiyo nililijua moja tu, la mjomba, ng'ambo ya Burundi. Ni ndugu wa ukoo wa mama, mzee mwenye migomba mingi, aliyekuwa akibebea humo kreti za bia mpaka macho yake yalipomkatalia kuendesha. Pikipiki ilikuwa nzee lakini nzima, na tela lilikuwa la chuma cha kweli, lina springi.

Kabla ya kuvuka nilishuka Kasulu kwa wakala wa forodha, kijana wa Kiislamu anayeuza vipuri dukani kwa baba yake na kuongea kama watu wa pwani, ingawa sidhani kama amewahi kuiona bahari. Alinipa darasa zima.

"Dada yangu, ukichukua chombo, kichukue chote. Usibakishe huko hata msumari."

Nikamwambia nimeelewa, na kweli nilidhani nimeelewa.

Mjomba alinipokea kwa makofi marefu na mtungi. Tulikunywa na majirani zake wawili kama mashahidi, mrija ukizunguka, na biashara ikaisha kabla pombe haijaisha. Kisha akaingia ndani, akatoka na bisibisi. Akachuchumaa nyuma ya pikipiki akipapasa kwa vidole, akafungua kibao cha namba, akakifuta kwa shati lake na kukipeleka ndani. Nilimwona akikitundika ukutani, kwenye msumari uleule uliokuwa na kamba za ng'ombe wake.

Sikumuuliza kitu. Ningemuuliza nini? Kwetu ng'ombe akiuzwa, kamba haiuzwi. Mnunuzi anakuja na kamba yake, na ya zamani inabaki kwa mwenyewe ili baraka ya zizi isimfuate ng'ombe. Baba yangu alifanya hivyo kwa kila ng'ombe aliyetoka mikononi mwake. Hata nilifurahi. Niliona mzee ameheshimu biashara yetu, ameihesabu pikipiki kuwa mali ya kweli. Nikaondoka kifua mbele.

Mpakani, upande wetu, afisa alizunguka pikipiki, akazunguka tela, akarudi nyuma ya pikipiki akasimama. Ilikuwa Jumatano mchana. Alikuwa kijana mwenye miwani ya jua, na hakuivua hata alipokuwa anasoma.

"Namba iko wapi?"

"Imebaki kwa mwenyewe."

"Kwa nini ibaki?"

"Ndiyo kamba," nikasema.

Alinitazama. "Kamba?"

Nikamweleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nikiharibu, lakini mdomo ulikuwa umeshaondoka. Alipoelewa alimwita mwenzake atoke ofisini.

"Njoo umsikie mama huyu. Kanunua ng'ombe wa magurudumu mawili!"

Wakacheka wote wawili, na madereva wa malori waliokuwa kwenye foleni wakacheka bila hata kujua wanacheka nini. Mimi nikamwambia afisa kwamba kama babu yake angekuwa hapa angeona haya kwa ajili yake. Hilo halikunisaidia. Kicheko kikaisha, akasema pikipiki isiyo na namba yake ya zamani inahesabiwa ya wizi mpaka ionekane si ya wizi, akachukua ufunguo na kuutia mfukoni. Nikampigia wakala wa Kasulu.

"Nilisema hata msumari," akasema. Halafu, kwa adabu ileile inayokera, akaniambia nikakilete.

Nilirudi kwa mjomba nyuma ya bodaboda ya Kirundi, vumbi mpaka kwenye meno. Akili yangu yote ilikuwa Kumsenga. Kesho Alhamisi. Nilikuwa nimeapa mbele ya soko, na mama yangu ni mwanamke ambaye kiapo cha mwanawe anakishika kuliko anavyoshika rozari. Nilijua wakija na ngobyi atawafungia mlango. Simu yake nilipiga mara nyingi, haina chaji, kama kawaida yake. Niliuona ule mguu umekatwa, umefungwa kwenye kitenge, na mzee wa ngobyi amesimama pembeni anatazama, kama nilivyomwahidi.

Kwa hiyo nilipofika sikupiga makofi. Nilisimama uani nikasema, "Mjomba, nipe namba."

"Oya," akasema. Hapana. "Mwana wanje," yaani mwanangu, "kamba haitoki."

"Si kamba! Ni bati la serikali!"

"Wewe uliona nikiitundika. Ulikaa kimya. Mtu akikaa kimya amekubali."

Tulizozana mpaka majirani walewale mashahidi wakatoka, na wote wakawa upande wake. Nilimwita king'ang'anizi. Yeye akaniita mtoto wa mjini aliyesahau zizi la baba yake, na hilo liliniuma kwa sababu nilikuwa nimetukanwa hivyohivyo Kumsenga. Nikamweleza habari ya mguu. Akaingia ndani, akapapasa ukuta kwa kiganja mpaka kwenye msumari, lakini kibao hakukitoa.

"Nikikupa, kwangu kunabaki nini cha pikipiki ile?" akauliza. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa anauliza kweli, mzee ambaye hataiendesha tena.

Nikafungua mkoba wangu. Humo mlikuwa na kitu nilichokichomoa mpakani na kukitia bila kufikiri: kioo cha kushoto cha pikipiki, kilicholegea, nilichoogopa wale madereva wangekiiba. Nikakitoa nikampa mkononi. Alikigeuza, akakisogeza karibu na uso kana kwamba anaweza kujiona, akakitundika kati ya kamba. Kisha akanipa namba, na hakunisindikiza. Pikipiki yangu ina kioo kimoja mpaka leo.

Nilifika mpakani ofisi zimefungwa. Asubuhi ya Alhamisi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Afisa alikipokea kile kibao, akakisoma, akakiweka kwenye droo yake.

"Hiki kinarudishwa Burundi," akasema. "Ndiyo utaratibu."

Nilimwangalia mtu huyu. Nikafikiria uani kwa mjomba, matusi yale yote, kioo kile. Yaani kibao kilikuwa kinarudi kulekule nilikokitoa, ila sasa kingekaa kwenye droo ya serikali badala ya msumari wa mzee. Nilisema neno ambalo siwezi kuliandika. Alivua miwani kwa mara ya kwanza, halafu, labda kwa kuona nilivyoonekana, akagonga muhuri na kunirudishia ufunguo.

Niliendesha kuelekea Kumsenga tela likiruka nyuma yangu tupu. Nilikuwa nimetandika godoro ndani yake na kulifunga kwa kamba. Sikusimama kunywa hata maji. Jua lilikuwa limeshapanda, na nesi wa kituo kile hufunga chumba cha vidonda kabla ya mchana. Nilikuwa bado chini ya mlima wa kwanza niliposikia sauti ya mama yangu kabla sijamwona.

Alikuwa anatukana. Aliwatukana kwa Kiha kizuri cha zamani, ukoo kwa ukoo, kutoka juu ya mabega yao. Ngobyi ilikuwa inateremka kwa mwendo, wanaume wanne chini yake na wanne wa kupokezana pembeni, na mbele mzee wa ngobyi akiwa na fimbo. Mama alikuwa amewafungia mlango kweli. Wao wakang'oa mlango, wakambeba na mkeka wake.

Nilizima injini, nikaiweka pikipiki katikati ya njia.

"Mshusheni. Nimeleta."

Mzee wa ngobyi alilitazama tela, akalitazama godoro, akaligonga chuma kwa fimbo. "Tela zuri," akasema. "Sogeza, tupite."

"Nimesema mshusheni!"

"Ngobyi haishushwi njiani. Inayoshushwa njiani ni ya maiti. Hujui hilo nalo?"

"Basi msimweke chini. Mhamishieni humu moja kwa moja."

"Humu nako ni chini," akasema mzee.

Nikamgeukia mama. Nilitegemea angalau yeye. Alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye tenga, kilemba kimemkaa upande.

"Niwekwe njiani kama maiti?" akafoka. "Na wewe umetoka wapi na vumbi hilo? Ondoa hicho kitu chako, nesi anafunga!"

Nikasogeza. Hakuna aibu niliyowahi kuiona inayofanana na ile: kupanda mlima wa pili kwa gia ya kwanza, na tela jipya tupu, nyuma ya ngobyi, mama yangu akiwa juu yake. Watoto walikimbia pembeni wakipiga miluzi. Nilimchukia kila mtu aliyekuwa kwenye njia ile, na jua pia.

Katikati ya mlima mmoja wa wabebaji wa mbele aliteleza kwenye korongo, akateguka kifundo cha mguu. Ngobyi ikayumba, haikuanguka. Wale wa pembeni walikuwa wametoka tu kupokezana, wanahema. Mzee wa ngobyi hakumwita hata mmoja wao. Aligeuka nyuma akaniangalia, na wote wakaniangalia.

"Kwenye kupanda, wafupi mbele," akasema.

Nilizima pikipiki. Nililiwekea jiwe gurudumu la nyuma, nikaliwekea jingine tela, nikafunga kanga kiunoni na kuingia chini ya mti wa ngobyi. Sikujua kwamba mama yangu ni mzito hivyo. Mti ulikaa kwenye mfupa, ukakaa hapohapo mpaka kileleni, na mzee wa ngobyi akatembea kando yangu bila kusema neno lolote, jambo ambalo sijui kama ni heshima au ni kunikomoa.

Tulimkuta nesi anavua glavu. Alizivaa tena. Mguu upo mpaka leo. Jioni wanaume wale wanane walipanda kwenye tela langu bila kuniomba, pamoja na ngobyi yao, wakaimba njia nzima, na tangu hapo zamu ya Alhamisi ni yangu, kumpeleka mama na mgonjwa mwingine yeyote wa upande ule. Springi moja imeshakatika. Mzee wa ngobyi anasema tela linavuta upande.

Lakini ninachokikumbuka ni pale mlimani, nilipoingia chini ya mti na kuuweka begani. Yule niliyekuwa naye mbele alinizidi kwa kichwa kizima, na juu yetu tenga likalala upande wangu. Mama yangu akapiga ubavu wa tenga kwa kiganja.

"Nani huyo mfupi anayenimwaga?"

"Ni mimi, mama."

Nilisikia akijisogeza upande wa pili, taratibu, ili uzito usinielemee.

"Basi inua," akasema.