Mama Mkwe na Lami Mbichi

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Jeconia alikuwa ameutazama ufa wa njia yake ya gari, pale Ruiru, mpaka ukawa shimo la kumeza gurudumu. Leo ndipo ameinama juani akimwaga lami ya baridi, ile isiyopikwa, kutoka kwa gunia, jasho likimtiririka. Mama mkwe wake alikuwa njiani kutoka hospitali moja ya Thika, nyonga imetiwa chuma. Daktari alikuwa amesema waziwazi: akianguka tena, hatatembea tena.

Muuzaji wa lami alikuwa amemweleza vizuri. Mwaga kidogo, shindilia, mwaga tena, shindilia. Lakini Jeconia, kwa papara yake, alijaza shimo lote kwa mkupuo mmoja, kisha akagongagonga juu kwa kipande cha mbao. Juu palipendeza. Chini palikuwa uji, na alijua.

Kabla hajachimbua aanze upya, teksi ikapiga honi langoni. Dereva akachungulia.

"Boss, hapo siingii. Hii gari si yangu."

Jeconia akafanya alivyofundishwa tangu atoke jandoni kule Bungoma: akasogea ukutani, akampa mama mkwe mgongo. Kwao mtu hamkodolei macho mama mkwe, sembuse kumgusa. Tangu amwoe Nafuna, yeye na mama mkwe hawajawahi kupeana mkono wala kutajana majina. Ni heshima nzuri, sikatai; lakini ni heshima gani ya kutazama ukuta na shimo lako liko miguuni pa mgonjwa?

"Mama, ngoja nitoe walker yako kwa buti," Nafuna akaita kutoka nyuma ya gari.

Mama hakungoja; alishuka na mkongojo tu. Jeconia alisikia mkongojo wake ukigonga lami ngumu, ko, ko, ukikaribia. Alitaka kumpigia Nafuna kelele amzuie mamake, ila akazidi kuukazia macho ukuta. Kisha mkongojo ukanyamaza. Ulikuwa umezama.

"Mayi wee!" mama akalia.

Aligeuka. Mama alikuwa akiinamia upande ule ule wa chuma, mkono ukitafuta pa kushika. Jeconia aliruka, akamdaka kiunoni kwa mikono yake yenye lami, rinda jeupe likachafuka lote. Nafuna akaziba mdomo. Jeconia alifumba macho kwa aibu, akaanza kulegeza mikono.

Vidole vya mama vikamkamata shati.

"Jeconia," akasema, "usiniachilie."