Sauti ya Mama Niliyoipangishia Chumba cha Bure

Kuna watu wa mtaa wa Landless, pale Thika, ambao mpaka leo wakiniona nikipita hunisalimia kwa heshima zote, kisha nikishawapa mgongo husema, "Si ndiye yule wa mkeka?" Siwalaumu. Ningekuwa mimi ningesema vilevile, na pengine ningeongeza chumvi. Na kwa kuwa kila aliyekuwa mazishini ameshaisimulia aibu yangu kwa namna yake (dada yangu Nyambura huisimulia vizuri kuliko wote, hata uso wangu anauigiza), nimeona afadhali niisimulie mwenyewe, angalau niwe na haki ya kuchagua pa kuanzia.

Nianze na tovuti. Mimi huandika makala, jambo ambalo nyumbani kwetu hutajwa kwa sauti ileile ya kutaja kwamba fulani ana kisukari. Makala yangu yalikuwa yakisomwa na mke wangu tu, tena akiwa amenikosea na anataka tupatane. Basi nikaamua kwamba tatizo halikuwa maandishi, tatizo lilikuwa mahali pa kuyaweka, na kwamba nikiwa na tovuti yangu mwenyewe, yenye jina langu juu kama bango la duka, wasomaji watakuja wenyewe.

Sasa tovuti, kwa asiyejua, lazima ikae mahali. Inakaa ndani ya kompyuta ya mtu fulani, inayowaka usiku na mchana, na wewe unakuwa mpangaji humo. Nilitafuta mwenye nyumba kwa wiki nyingi, nikilinganisha huyu na yule, nani ana kasi, nani hazimiki, nani anakupa nafasi kubwa, mpaka mke wangu akaniuliza kama nanunua tovuti au shamba. Mwishowe nikatoka kwetu Membley nikaenda kumwona Karanja, tuliyesoma naye chuo kikuu, ambaye hutengenezea watu tovuti katika ofisi yake pale Ruiru, juu ya duka la mabati na misumari.

"Lipia hawa wa hapa kwetu," Karanja akaniambia. "Si wazuri sana, wanaenda kama kobe, lakini ukipiga simu kuna mtu anashika."

"Na hawa wa bure?"

"Ni wa nani hao?"

"Wako ng'ambo."

"Sijakuuliza wako wapi, Njoroge. Nimekuuliza ni wa nani. Siku mambo yakiharibika utampigia nani?"

"Hayataharibika."

Akanitazama, akacheka, akarudi kwenye kompyuta yake. "Sawa, prof. Wewe ndiye umesoma."

Wala haikuwa shida ya pesa, maana kodi ya mwaka mzima ya hao wa hapa ningeila kwa nyama choma Jumapili moja bila kuhisi. Ila kitu cha bure kina namna yake ya kumfanya mtu ajione mjanja kuliko wanaolipa. Nikajiandikisha kwa wale wa bure, nikatia alama kwenye kile kisanduku kinachosema nimesoma masharti yote na nimeyakubali, na makala ya kwanza kuweka humo yalikuwa yale niliyowahi kuandika kwa hasira juu ya watu wanaotia sahihi wasichokisoma. (Ndiyo, najua.) Mtu anayetafuta chumba kule kwenye mabanda ya Kiandutu, hata kama mali yake yote ni godoro na sufuria, huuliza kwanza mwenye nyumba ni nani, na siku akifungiwa mlango vitu vyake atavitolea wapi. Mimi na digrii zangu mbili sikuuliza.

Kisha Mama akaugua.

Alilazwa Thika, katika wadi ya ghorofani, na Baba wakati huo miguu ilikuwa imevimba vibaya, ngazi haziwezi. Alibaki kwa Nyambura, Landless, kwenye kiti karibu na mlango, akiuliza kila anayeingia habari za mkewe. Alasiri moja Mama akafungua macho akaniona, akasema, "Washa hiyo simu yako. Nataka kuongea na baba yako."

Nikaanza kutafuta namba ya Nyambura.

"Si kupiga," akasema. "Huyo kwa simu hasikii, anapiga kelele tu. Shika maneno yangu umpelekee."

Nikawasha kinasa sauti, nikaisogeza simu karibu na mdomo wake, na Mama akaongea. Aliongea muda mrefu kuliko alivyokuwa ameongea wiki ile nzima, polepole, akipumzika, akiendelea. Na mimi mwanawe nilikuwa nimeketi pale, goti langu likigusa kitanda, macho yangu yote yakiwa kwenye ule mstari unaoruka juu na chini kwenye kioo, nikihofia kigari cha dawa kilichokuwa kikipita na magurudumu yake yenye kelele, nikihofia mgonjwa wa kitanda cha pili atakohoa. Nilijiambia kwamba nitasikiliza vizuri nikifika nyumbani. Alipomaliza akauliza, "Umeshika?" Nikamwambia nimeshika.

Alituacha kabla hakujapambazuka.

Hapa ndipo penye kosa lenyewe, na ni dogo kiasi kwamba ungelipita bila kuliona. Nyambura aliniambia, macho bado mekundu, "Mpigie Baba hiyo sauti sasa hivi. Au itume kwa grupu ya familia, tusikie wote."

"Grupu ya familia?" nikasema. "Mahali pa picha za ng'ombe na maombi ya kusambaza kwa watu kumi? Sauti ya Mama haiwezi kukaa hapo."

"Itakaa wapi basi?"

"Nitaifungulia ukurasa kwenye tovuti. Picha yake, historia yake, sauti yake. Siku ya mazishi tutaisikia pamoja, kwa heshima. Hata mimi sitaisikiliza kabla."

"Njoroge, hiyo si kitabu unazindua."

Lakini ndivyo nilivyokuwa nikifanya, nilikuwa nazindua. Chini ya tovuti yangu palikuwa na kihesabio cha wageni ambacho tangu kifunguliwe kilikuwa kinatia huruma, na moyoni (sijamwambia mtu jambo hili, hata mke wangu) nilikuwa nimeshawaona watu wote wa mazishi wakifungua ukurasa wa Mama, kisha wakibaki kusoma makala. Nikaenda kwa Baba nikamweleza kwamba Mama amemwachia maneno, atayasikia siku ya kumzika. Akafikiri kidogo. "Sawa," akasema. "Nimengojea mambo mengi."

Nikaipandisha sauti kwenye tovuti, nikaona imekaa, nikaona kitufe cha kuichezea. Asubuhi ya mazishi simu ikaniambia imejaa, haina nafasi ya kupiga video, nami nilitaka video ya jeneza likitoka. Nikafuta vitu. Nikaifuta na ile sauti, kwani si iko mtandaoni? Na pipa la taka la simu nikalimwaga pia, maana mimi ni mtu nadhifu.

Tulimzika kwenye kashamba ketu upande wa Gatuanyaga. Hema zilijaa, watu wa kanisa, watu wa soko la Thika aliokuwa akiuza nao maharagwe, majirani wa Landless, marafiki zangu wa Membley wakikanyaga kwa tahadhari wasichafue viatu. Nyuma ya karatasi ya ratiba nilikuwa nimechapisha anwani ya tovuti, kwa herufi nene. Baba aliwekwa mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini. Msema chochote, yule mwendesha ratiba, akachukua kipaza sauti: "Sasa mwana wetu mwandishi atatuletea sauti ya marehemu mwenyewe. Wenye simu, fungueni hapo nyuma ya programu. Wengine tunyamaze."

Watu wakanyamaza hivi kwamba nikasikia turubai likipigwa na upepo. Mwenye spika akachomeka waya kwenye simu yangu. Ukurasa ukafunguka, nikamwona Mama na kitambaa chake cha buluu, nikabonyeza.

Ngoma zikalipuka. Spika zote, za mbele na za nyuma. Kisha mwanamume mwenye furaha isiyo na kifani akapaza sauti juu ya jeneza la mama yangu: "Niaje bingwa! Mkeka wako wa leo uko wapi? Jisajili sasa, bonasi inakungoja!"

(Bure, kumbe, ina mlipaji wake. Wale jamaa walikuwa wakibandika matangazo ya kamari kwenye kurasa za wapangaji wao wakati wowote wapendao, na mkeka ndio orodha ya mechi anazobashiri mcheza kamari; hayo yote ya matangazo yaliandikwa kwenye masharti.)

Kijana mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mama mmoja wa kanisa akamwita Mungu, "Ngai!" Nilikuwa nabonyeza kila kitu kwenye kile kioo, na kila nilipobonyeza yule bingwa alianza upya, na kwa kuwa watu nao walikuwa wametii wakafungua simu zao, mabingwa wengine wadogo wadogo wakaanza kuitikia kutoka kila hema, mkeka huku, bonasi kule. Baba aligeuza kichwa akimtafuta anayesema.

"Ni nani huyo?" akauliza. "Mama Nyambura yuko wapi?"

Mwenye spika akachomoa waya. Nikafungua ukurasa upya, na safari hii hapakuwa na tangazo wala picha wala kitambaa cha buluu. Palikuwa na ukurasa mweupe na sentensi moja ya Kiingereza iliyosema kwamba akaunti hii imefungwa.

"Ni network," msema chochote akasema kwa huruma.

"Si network," Nyambura akasema, na kipaza sauti kikamchukua. "Ni Njoroge."

Mchungaji akaanzisha wimbo. Tukamteremsha Mama kaburini huku nikiwa bado nimeshika simu, na ile video ya jeneza, ambayo kwa ajili yake nilifuta kila kitu, sikuipiga.

Niliwaandikia wale wenye nyumba wa tovuti jioni ileile, na kesho yake, na wiki iliyofuata, nikibembeleza kwa Kiingereza changu chote cha chuo kikuu. Jibu moja lilikuja, la mashine. Lilisema kwamba wapangaji wa bure hawaruhusiwi kuhifadhi mafaili ya sauti, kwamba wageni wengi kwa mpigo ndio waliowafanya waikague akaunti yangu, kwamba akaunti ikifungwa kila kilichomo hufutwa na hakirudi, na kwamba wananishukuru kwa kuwachagua. Nikaenda kwa Karanja. Alijaribu kuifufua ile sauti kwenye simu yangu kwa siku kadhaa, akashindwa, akanirudishia simu bila kusema neno juu ya kupiga simu wala nani angeishika, na hilo liliniuma kuliko kama angenicheka.

Siku hizi nalipia. Niko kwa wale wa hapa, wanaenda kama kobe, na nina nakala za makala yangu kila mahali, makala ambayo hakuna mwizi angeyataka. Na mtu akiniambia jambo la maana, simu naiweka mfukoni, nimtazame mdomoni. Nimejiapiza hilo. Limechelewa, lakini nimejiapiza.

Kila Jumapili mimi huenda Landless. Baba bado anakaa kwenye kile kiti karibu na mlango. Miezi ya kwanza aliniuliza, "Imefunguka?" nami nikamwambia bado, mpaka siku moja nikashindwa, nikamweleza kwamba haitafunguka. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyekuwa amekwisha kujua.

"Lakini wewe ulikuwa hapo," akasema.

"Nilikuwa hapo, Baba."

"Basi niambie. Alisema nini?"

Nikamwambia ninachokikumbuka, ambacho ni mwanzo tu, kabla sijaanza kuutazama ule mstari: kwamba alisema, Baba Nyambura, usikae hapo mlangoni, kuna baridi.

Baba akangoja. "Na baada ya hapo?"

"Kulikuwa na kigari cha dawa," nikasema. "Kilikuwa na kelele."

Akajivutia blanketi magotini.

"Haya," akasema. "Hayo mengine nitamwuliza mwenyewe."