Wiki Isiyo na Wimbo wa Maziko

Mwezi uliopita nilipita karibu na kanisa letu la zamani la Wakopti, upande wa Wamunyu, nikasikia vijana wakiimba. Nikatua kapu langu kando ya barabara. Maneno niliyajua. Tuni sikuijua. Hapo ndipo mambo haya yalinirudia, na kwa vile wewe unanisikiliza, nitakuambia.

Niliolewa mapema, na binti yangu vile vile, ndiyo maana naitwa nyanya na bado niko na meno yangu. Utoto wangu ni wa miaka ya tisini. Shule niliachia darasa la nne. Masomo mengine nilipewa na mwalimu wa nyimbo, Jumamosi, tukishatoka kuchimba maji kwenye mchanga wa mto. Kitabu kilikuwa na maneno ya Kikopti, lugha ya zamani ya kanisa, kwa herufi zetu, Kikamba kando. Juu ya kila wimbo kuliandikwa tu tuni ya kawaida, au ya furaha, au ya huzuni. Tuni zenyewe zilikaa kichwani mwa mwalimu, akizitoa polepole huku anapiga goti kwa kiganja. Ile ya huzuni ilitushinda. Sauti moja ilipanda, ikashuka, ikazunguka mpaka pumzi inaisha. Jirani yetu Mprotestanti alituchokoza: “Nyinyi mnaimba herufi moja mpaka isyo inaiva!” Na unajua mahindi na maharagwe yanavyokawia motoni.

Mama aliipenda tuni hiyo. Aliumwa kifua mwaka mzima, na kikohozi kikimwachilia aliniambia, “Nikienda, mwalimu aniimbie hiyo. Usikubali nizikwe kama mbuzi.” Nikamwahidi.

Lakini Wakopti wako na desturi yao. Wiki ya mateso ya Bwana, maiti haiimbiwi wala haifukiziwi ubani. Huzuni ya wiki hiyo ni ya Bwana peke yake. Kwa hivyo Jumapili ya Mitende, ibada ikiisha, watu wazima kwa watoto husimama na kuombewa maziko wakiwa hai, ili atakayekufa wiki hiyo awe ameshaimbiwa.

Jumapili hiyo wanawake wa kanisa walikuja na kitanda wambebe mama. Susu, mama yake baba, alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

“Mtu anapumua, mnampeleka kuombewa kaburi? Mnamkumbusha Mungu?”

“Susu, hata sisi tunaombewa.”

“Nyinyi mna afya ya kuchezea. Rudini!”

Mama akasema kutoka ndani, “Mwaitu, mama yangu, niache niende.” Susu hakugeuka. Alirudi kukoroga uji. Hakuwa mbaya. Alikuwa anaogopa.

Mama alikufa Jumatano. Kanisani nguzo zilikuwa zimefungwa vitambaa vyeusi. Masomo ya siku yakasomwa, yakaisha, watu wakaanza kunyanyua jeneza. Nikamshika mwalimu kanzu.

“Mwalimu, mwimbie.”

“Aliimbiwa Jumapili, mwanangu, pamoja na sisi wote.”

“Hakuwa hapa.”

Mwalimu akamwangalia susu. Susu akaangalia chini. “Wiki hii siwezi,” mwalimu akasema, macho yamejaa machozi. Kaburini tulisikia koleo na mawe, basi.

Pasaka ikaja, na siku hamsini baada yake, ambapo hata maiti huimbiwa kwa furaha. Nikaimba hiyo ya furaha na wengine, matoazi yakilia, matanga ya mama hata hayajapoa.

Toka hapo susu hakukosa Jumapili ya Mitende. Alituburuta wote, hata mtoto wa mgongoni. “Simama hapo uzikwe!” Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikufa wakati wa kuvuna mbaazi, wiki ya kawaida tu, na mwalimu akamwimbia tuni yote ya huzuni mpaka mwisho. Nilisimama kando ya jeneza nikimwonea wivu kwa niaba ya mama.

Mwalimu naye akaenda, na hakupatikana wa kumwimbia hiyo. Kitabu bado kinasema “tuni ya huzuni”. Ni ipi, ukiwauliza vijana, wanatazamana.

Nikienda kupalilia pale mama alipolala, hufungua kinywa nijaribu. Inakwenda kidogo, inakatika. Nafunga kinywa, naendelea kung'oa majani.