Rufaa ya Mdakaji

Siku za kazi alikuwa fundi wa makochi, misumari midogo kaibana midomoni, nyundo mkononi. Jumamosi alivaa barakoa ya chuma, akasimama nyuma ya mdakaji, yule anayechutama kudaka mipira inayompita mpigaji, na kuamua besiboli. Hata uwanjani walimwita Fundi, wengine kwa heshima, wengine kwa utani kwamba amezoea kugongomea watu.

Mdogo wake, waliyembandika jina la Upepo, alichezea timu ya kiwanda cha sabuni, na kazi ya kiwandani aliipata kwa sababu ya mbio zake. Mwaka huo wakubwa walisema wazi: mkichukua kombe, timu inabaki, mkilikosa, basi. Fundi akaomba asipangiwe fainali.

"Hatuna mwingine," katibu wa ligi alimjibu. "Na wapinzani wamekukubali. Wanajua hupindi."

Zamu ya mwisho, kiwanda kilikuwa nyuma kwa pointi moja. Auti mbili zilishapatikana, yaani wachezaji wake wawili walishatolewa. Ya tatu ingemaliza mchezo. Upepo alikuwa kituo cha pili, na nyuma yake, kituo cha kwanza, dereva wa lori la kiwanda. Mpira ukapigwa hadi ukutani. Upepo akaja kasi, akauruka mguu wa mdakaji, na katika kuruka huko akakipita kibao cha nyumbani, kituo cha mwisho ambacho lazima kikanyagwe ili pointi ihesabiwe, bila kukigusa. Fundi aliona. Akanyamaza, maana sheria inamtaka mwamuzi anyamaze mpaka wapinzani walalamike wenyewe.

"Rudi!" kocha wa kiwanda alipiga kelele.

Upepo akageuka. Kabla hajafika, dereva alishakikanyaga kibao na kuingia. Ndipo Upepo akakikanyaga kibao kwa miguu yote miwili, watu wote wakiona, na uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

Mdakaji aliomba mpira, akaweka mguu juu ya kibao. "Fundi, nakata rufaa. Upepo hakukanyaga."

"Karudi! Si mmemwona?" kocha akafoka.

"Karudi baada ya mwenzake wa nyuma kuingia," Fundi alisema. "Hapo hairuhusiwi tena. Auti. Na kwa kuwa ni ya tatu, pointi ya dereva nayo haihesabiwi."

Pointi zote mbili zikafutika, na kombe likaenda kwa wapinzani. Upepo alikuwa bado kasimama palepale.

"Dada, si nimekanyaga?"

"Umekanyaga, mdogo wangu. Umechelewa."

Mama yao, mgonjwa wa miguu, alishapata habari kwa jirani kabla Fundi hajavua viatu.

"Ungejifanya hukuona, ungepungukiwa na nini?"

"Mdakaji aliona, mama."

"Mdakaji si ndugu yake."

Fundi aliingia jikoni akawasha jiko, akasahau alitaka kupika nini.

Kiwanda kilikusanya jezi, kikawaachisha kazi wale walioajiriwa kwa ajili ya mchezo. Upepo akahamia kwa mjomba wao, akawa anaponda kokoto. Alipokuja kumwona mama alichagua saa ambazo dada yake yuko karakana. Dereva alipita karakana mara moja kuchukua kiti cha mkewe.

"Sheria ni msumeno, dada," alisema kwa upole. "Ila msumeno wenu umekata upande wetu tu." Akabeba kiti, akaenda.

Fundi alimwomba mama amwambie Upepo, akija kumwona, aje Jumapili wale pamoja.

"Kasema atakuja," mama alimjibu.

Jumapili hiyo Fundi aliandaa sahani tatu. Wakala wawili. Wiki zilizofuata akaandaa mbili.